Siku Tisa za Kumuaga Mama Mkwe

Wenzangu wa kwaya, naomba mwache kunipigia simu mmoja mmoja. Niliwaambia naenda Nyamira siku mbili kumuaga mama mkwe wangu, nikarudi siku ya kumi na moja nikiwa na vidole vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai na koti linalonuka moshi. Nasikia wengine mmesema nimeghairi safari. Wengine mmesema nimerithiwa na shemeji. Sasa nimeketi katikati ya masanduku, nyumba imebaki na mwangwi, na nitawaandikia yote mara moja ili kila mtu apate habari zile zile.

Mnajua kwamba mimi ni mtu wa upande wa ziwa, Homa Bay, na kwamba nilikuja Kisii kushona nguo nikaolewa na Mgusii wa Nyamira. Mnajua pia kwamba mume wangu alitutoka miaka sita iliyopita. Msilojua ni kwamba baada ya mazishi, wazee wa ukoo walipoanza kunong'ona juu ya boma langu, mama yake ndiye aliyesimama mbele yao na fimbo yake akasema boma hilo lisiguswe. Kwa hiyo nilipomaliza mafunzo ya kutunza wazee na kupata kazi Uingereza kwa miaka mitatu, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye. Kwenye simu akasema tu, "Njoo kwanza."

Hakuniruhusu wala hakunikataza. Na bila ruhusa ya yule mama nisingepanda ndege, hata kama sanduku lingekuwa limeshafungwa.

Kisii mjini: mapazia

Kabla ya kuondoka niliamua kufua mapazia yote. Mnajua jinsi ninavyochukia kufua mapazia. Kwa miaka kumi na minne katika nyumba hii nimeyafua kwa manung'uniko, huku maji yakigeuka rangi ya chai ya mkandaa. Binti yangu Moraa, aliye chuoni Eldoret, alinipigia nikiwa nimeinama kwenye karai.

"Mum, si upee mtu wa kufua?"

"Niache," nikamwambia.

Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nakanyaga mapazia kwa miguu, suruali nimeikunja hadi magotini, naimba sauti ya pili ya wimbo wetu wa Pasaka, na nilikuwa na furaha. Lile pazia la maua nililishona nikiwa na mimba ya Moraa, kabla hatujahamia hapa. Lile la bluu mume wangu alilitundika kichwa chini, akakataa kukiri, na tukaliacha hivyo mwaka mzima. Kumbe kazi ile ile iliyokuwa ikinikera imejaa watu wangu, ila sikuwahi kuifanya polepole nikawaona.

Daraja Mbili: baridi ya wapi

Alhamisi asubuhi nilipita sokoni Daraja Mbili kutafuta koti la mtumba. Muuzaji alinitazama, akatazama jua, akanitazama tena.

"Auntie, hii ni ya baridi ya wapi?"

"Ya mbali."

"Kinangop?"

"Mbele ya hapo."

"Ni Timboroa," akaamua mwenyewe. "Huko ni kubaya. Nunua na soksi."

Nilinunua na soksi. Koti lilikuwa zito, lina vifungo vya mbao, na kwa kuwa halikuingia kwenye mfuko nililivaa. Sikununua ndizi, maana kumpelekea mtu wa Nyamira ndizi ni kumdhihaki. Nilinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja wa kwetu. Nilipoolewa, mama mkwe alikuwa akiita omena chakula cha paka. Baada ya mwaka mmoja nikimpikia zenye nyanya nyingi, alianza kuulizia hao paka wamekula nini leo.

Nyamache: mbegu na mvua

Mama mkwe, ambaye nitamwita Mama tu, alikuwa ameniagiza nipitie Nyamache, alikozaliwa, nimchukulie mbegu za saga kwa mdogo wake, Mama Nyaboke. Saga ni ile mboga chungu ambayo Wagusii huichemsha kwa subira na kuimalizia kwa maziwa, na Mama haamini mbegu ya dukani. Nilipanga kukaa Nyamache saa moja.

Nikakuta mbegu bado zimo kwenye maganda, yameanikwa juu ya gunia. Mama Nyaboke alinivuta kigoda barazani, akanimwagia maganda mapajani, tukaanza kuyafikicha. Mbegu za saga ni ndogo sana, na ukipumua vibaya umepoteza nusu. Kisha ikaja mvua ile ya alasiri isiyo na haraka ya kwenda popote.

Mzee mmoja jirani alikimbilia barazani kujikinga. Aliliangalia koti langu kwa heshima kubwa.

"Daktari, nilikuwa natafuta wewe tangu juzi," akasema.

Alidhani mimi ndiye daktari wa mifugo aliyeahidiwa. Nilikana mara tatu. Alisema daktari aliyepita pia alikuwa akijikana ili asitembee kwenye matope. Mwishowe nikaenda, nikamkuta ng'ombe amelala hataki kuinuka, nikamtazama machoni, nikasema apewe maji safi, abadilishiwe mahali pa kulala na asemeshwe kwa upole. Hayo ndiyo niliyofundishwa kuhusu wazee. Asubuhi mzee alituletea maziwa, akasema ng'ombe amesimama.

Nililala hapo, maana mvua haikukoma. Lakini kabla ya kulala, wakati tukipepeta mbegu kwenye ungo, Mama Nyaboke alisema jambo lililonikaa rohoni.

"Dada yangu haendi kanisa siku hizi. Mwezi sasa. Anasema ni mguu."

"Mguu umezidi?"

"Huo mguu ulikuwa hivyo hata mwaka jana na alikuwa anaenda. Wewe angalia. Mimi sijui."

Keroka hadi kwa Mama

Ijumaa nilipata lifti kwenye pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi kwenda Keroka. Tulipata pancha mara moja, na jeki haikuwepo, kwa hiyo tukashusha ndizi zote, wanaume wa pale wakainua gari kwa mikono, kisha tukapakia tena. Mimi nilikuwa kwenye msururu wa kupokezana mikungu, koti na yote. Wiki moja nyuma ningekaa kando nikitazama saa. Siku hiyo nilikula hindi la kuchoma na wale wanaume ukingoni mwa barabara, na mmoja akaniuliza kama nina ndugu asiyeolewa mwenye mabega kama yangu.

Kutoka Keroka nilichukua bodaboda. Ilipofika kwenye mteremko wa mwisho ikakataa matope, nikavua viatu nikamalizia kwa miguu katikati ya mashamba ya chai. Nilifika saa tisa mchana.

Nyumbani kwa Mama

Wagusii humwita mama "Baba". Mwezi wangu wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikimtafuta mzee wa boma kila mara mtu alipomwita mama yake, lakini leo ulimi wangu hausemi vingine. "Baba, nimefika," nikasema, nikaenda kumkumbatia kama kawaida yangu.

Akaninyoshea mkono kwa mbali. "Kaa pale," akasema, akinionyesha kiti cha ng'ambo. Yeye alikuwa kwenye kigoda mlangoni, kwenye upepo. Nilidhani ana hasira juu ya safari.

Kesho yake, Jumamosi, tulipokuwa tukinywa chai jikoni na Kerubo, mke wa shemeji yangu anayeishi boma hilo hilo, nilipita nyuma ya Mama kuchukua sukari na nikaelewa. Mama alikuwa hajaoga vizuri muda mrefu. Yule mwanamke aliyekuwa akinirudisha nyumbani nikapige pasi leso.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilikuwa nimetoka kwenye miezi minne ya mafunzo, nina cheti, na nimefuzu kuogesha sanamu ya plastiki mbele ya walimu watatu. Nikasema kwa sauti ya kuchangamka, mbele ya Kerubo, "Baba, leo nitachemsha maji nikuogeshe. Ndiyo kazi niliyosomea."

Kerubo aliangusha mwiko. Mama alinitazama.

"Wewe?" akasema. Akashika fimbo yake, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kerubo alinivuta hadi nyuma ya zizi. "Mama Moraa, hiyo ni kitu ya kuambia mama?"

"Lakini Kerubo, hali yake..."

"Mimi sioni hali yake? Naona. Tufanye nini? Mimi na wewe ni wake wa watoto wake. Na ulijua."

Nilijua. Kuna ile heshima yenye aibu ndani yake wanayoiita ensoni. Mkaza mwana atampikia mama mkwe, atamfulia, atamlimia, atamuuguza hata, lakini mwili wake hauoni. Hiyo ni kazi ya wajukuu wa kike, ambao wao hawana aibu na bibi. Moraa wangu alipokuwa akisoma huko Nyamira alikuwa akimwogesha kila Jumamosi, wanacheka humo ndani mpaka nyumba inasikika barabarani. Moraa akaenda Eldoret. Kerubo ana wavulana watatu, na wajukuu wengine wa kike wote wako mbali. Ndiyo maana Mama alikuwa haendi kanisani, na ndiyo maana alikaa kwenye upepo. Miaka ishirini nimeishi na mila hiyo, lakini miezi minne ya darasani ilinifanya nijione mjanja.

Nilijisikia vibaya, na nawaambia wazi kwamba nililia huko nyuma ya zizi. Siyo kwa sababu ya ruhusa peke yake. Nilikuwa nimemvua nguo kwa maneno mbele ya mtu.

Kazi zisizokwisha

Kuanzia hapo Mama hakunisemesha ila kupitia Kerubo, hata nikiwa nimesimama mbele yake. "Mwambie achume chai ile ya juu." "Mwambie blanketi ipelekwe mtoni." Jumapili hatukwenda kanisani. Jioni nilijikaza nikauliza kama kesho naweza kurudi mjini.

"Mwambie mahindi haijapukuchuliwa," akasema Mama.

Nikapukuchua mahindi. Jumatatu nikauliza tena. Wimbi halijapembuliwa. Jumanne, mbegu ya saga haijapandwa, na nani aliileta kama si yeye? Jumatano, blanketi haijakauka, nayo ilikuwa kavu kama mkate. Kerubo alikuwa akinitafsiria maneno hayo ya Kiswahili kwa Kiswahili, akiuma midomo asicheke.

Ndipo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Niliacha kuuliza. Asubuhi naamka, naingia kwenye chai na kikapu mgongoni, umande unanilowesha hadi kiunoni, na mikono yangu inakumbuka yenyewe majani mawili na kichipukizi. Mama ndiye aliyenifundisha, nikiwa bibi harusi mwenye vidole vya sindano. Alikuwa akisimama mstari wa pili akinicheka. "Unachuma kama mtu anashona." Mume wangu alikuwa akipita njia ya juu, anajifanya ana shughuli, kumbe amekuja kuona kama nimekimbia. Nilimkumbuka pale kwenye chai na nikafurahi tu, bila ule uchungu unaofuata kila mara.

Mtoni nilizikanyaga blanketi pamoja na Kerubo, kila mtu ameshika ncha, tunazikamua kwa kuzungusha hadi mmoja wetu anaanguka. Nilisiriba ukuta wa jiko kwa udongo na samadi, nikalala na harufu hiyo mikononi. Nilichambua saga kwenye ungo hadi kidole gumba kikawa kijani. Nilikuwa nikijiambia, huko ninakokwenda nani atanipa ukuta nisiribe? Kila kazi iliyokwisha ilinipa huzuni kidogo, kama kufunga mlango wa chumba kimoja kimoja. Mama hakutaka kazi ziishe, na kufikia Alhamisi mimi pia sikutaka. Tulikuwa tumekubaliana bila kuzungumza.

Tatizo ni kwamba ndege haikuwemo katika makubaliano hayo.

Nguo ya kazi

Ijumaa niligundua kwamba omena zilikuwa zimekaa kwenye mfuko juu ya sare yangu ya mafunzo, ile ya rangi ya samawati yenye mifuko mikubwa niliyokuja nayo kumwonyesha Mama, na sasa sare ilinuka ziwa zima. Nikaifua, nikaianika kwenye kamba. Mama, kutoka kigodani, aliitazama ikipepea. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hiyo ni nguo ya nani?" akauliza. Nilitazama huku na huku nikimtafuta Kerubo wa kunitafsiria. Hakuwepo. Mama alikuwa ananiuliza mimi.

"Yangu, Baba. Ya kazi."

"Ukivaa hiyo unaitwa nani?"

"Mhudumu."

"Si Mama Moraa?"

"Huko hawamjui Mama Moraa."

Siku ya pili yake, Jumamosi, jua lilipokuwa limepanda vizuri, alimwambia Kerubo aweke sufuria kubwa motoni. Kisha akaniita.

"Enda uvae ile nguo yako. Mkaza mwana wangu akae hapa nje achambue mboga. Huyo mhudumu aje."

Sikuelewa. Nilipoelewa, nilikimbilia kamba ya nguo. Nilivaa sare, nikafunga nywele vile tulivyofundishwa, nikabeba maji hadi mlangoni mwake, nikabisha hodi. Kisha nikasema yale maneno ya darasani, neno kwa neno, kwa kuwa sikuwa na mengine. "Habari ya asubuhi, Mama. Naitwa Achieng. Nimekuja kukusaidia kuoga. Unaniruhusu?"

"Mimi sikujui," akajibu Mama. "Lakini ingia."

Huko nje nilimsikia Kerubo akicheka na kupiga mapaja.

Niliyoyaona humo ndani hayaandikwi. Nitawaambia tu kwamba ile sanamu ya plastiki haikuwa imezaa watoto saba wala kubeba chai mgongoni, na walimu wangu watatu hawakunifundisha chochote kuhusu hilo. Nilianza na mikono, taratibu. Mama alifumba macho. Baada ya muda akaanza kuzungumza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni hospitalini.

"Hao wazee wa huko kwenu, wako na watoto?"

"Wanao, Mama."

"Wako wapi?"

"Wako kazini. Wengine mbali."

"Kama hapa tu," akasema. Kisha, "Mimi niko na mkaza mwana. Mtu wa ziwa. Anaongea mbio, lakini ni mtu mzuri. Anataka kwenda mbali na mimi nimemzuia na kazi kazi. Leo blanketi, kesho wimbi. Sasa kazi imeisha. Nimeangalia hii boma yote, imeisha."

Nilikuwa nimefika mgongoni.

"Naogopa nitakufa kama yeye hayuko," akasema. "Hiyo siwezi kumwambia. Atakaa. Namjua, atakaa."

"Na akikaa?" nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mhudumu.

"Akikaa atakuwa anafua blanketi kavu mpaka lini? Wewe, ukikutana na yeye, mwambie aende. Aoshe hao watu mgongo vizuri. Mgongo mtu hafiki mwenyewe."

Machozi yalinishuka yakaingia kwenye beseni. Mama aliyaona, na hakusema kitu, maana machozi ya mhudumu hayakuwa yake kuyauliza. Nilimpangusa, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni lake la kanisani, lile la kijani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Alilitaka mwenyewe, tena akaniambia kesho tutaondoka mapema ili apate kiti cha mbele.

Nilipobeba beseni kutoka nje aliniita kutoka chumbani.

"Mhudumu. Ukivua hiyo nguo usiirudishe kwa mfuko. Iache hapa. Kerubo ataivaa kila Jumamosi."

Kerubo aliacha kucheka. Nilipoivua sare, aliichukua, akaiingiza juu ya nguo zake palepale uani, akavuta huku na huku. Mama alikuwa ametoka, amekaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Baba, inanibana," akasema Kerubo.

"Mpee Mama Moraa aipanue," Mama akajibu, akinyosha miguu. "Afanye leo. Wiki ijayo yeye hayuko."